Tuulizane na Anti: Nyumba ya watu wawili na moto wake

Mwezi huu sijui wasomaji mmekaa kikao wapi, maana zimekuja barua nne zote zinazunguka jambo moja, mke na mume kutafuta kanyumba kadogo wajifungie siku chache wapumzike. Ya kwanza imetoka Uyole lakini inahusu Wales kabisa kule Uingereza, ya pili Tukuyu, ya tatu Makete, ya nne Mafinga. Nimeziweka pamoja. Ile ya Makete naomba aisome kila mwenye jiko la mkaa, hata kama hana safari yoyote.

Binti katulipia nyumba Wales, mzee hataki

"Dada yangu habari za kazi. Januari mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 30 ya ndoa. Binti yetu ni nesi Manchester, katufanyia sapraizi, kalipia nyumba siku nne kwenye kijiji kinaitwa Betws-y-Coed kipo Wales, anasema ni koteji ya watu wawili tu. Nimeona picha, kanyumba ka mawe kadogo kama jiko la nje la mama mkwe, hakuna mpishi wala mhudumu, unapika mwenyewe na moto unawasha mwenyewe. Mzee anasema hawezi kupanda ndege kwenda kuchochea kuni wakati kuni zipo hapa na baridi ipo hapa. Mimi moyoni natamani sana kwenda. Hiyo Wales ina viza yake? Na Januari kukoje? Mama wa watatu, Uyole."

Nzuri mwenzangu, na hongereni sana, miaka 30 sio mchezo.

Tuanze na viza maana ndo inayokula muda. Wales haina viza yake, ni sehemu ya Uingereza, mkipata ya Uingereza ya matembezi inawafikisha mpaka mlangoni kwa hiyo nyumba, na mpaka wenyewe mtaujua kwa kibao tu barabarani kimeandikwa Croeso i Gymru, yaani karibuni Wales. Fomu inajazwa kwenye intaneti, hawapokei zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, halafu lazima mwende Dar wenyewe kuweka alama za vidole, na kuanzia hapo jibu kwa kawaida ni kama wiki tatu. Kwa hiyo Oktoba muwe mmeshakaa na binti kwenye simu mnajaza. Yeye aandike barua ya mwaliko, aambatanishe uthibitisho kwamba anaishi na kufanya kazi kule kihalali na risiti ya nyumba, na nyie wekeni taarifa ya benki, hati za shamba, biashara, chochote kinachoonyesha kwamba mna cha kurudia Uyole.

Sasa mzee. Mwambie hoja yake ya baridi nimeielewa, na tena nimuongezee, mlima mrefu kuliko yote Wales unaitwa Yr Wyddfa, una mita 1,085, maana yake hapo Uyole mnapolala kila siku mko juu kuliko kilele chao. Lakini baridi ya kule haitokani na kupanda juu, inatokana na kuwa mbali na ikweta na upepo wa bahari uliobeba maji, ni baridi ya kulowana, inaingia kwenye mifupa taratibu. Mwisho wa Januari jua linachomoza saa mbili imepita kidogo asubuhi na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Mvua usiseme. Bebeni viatu visivyopitisha maji na soksi nzito, kitenge chako kibebe pia, cha kujifunika pale kwenye kochi.

Na hapo kwenye kochi ndo penyewe. Mimi nilikaa nyumba ya namna hiyo siku tatu, mume wangu alikuwa kwenye kozi Bangor nikamfuata, ilikuwa pembeni ya kijiji cha Beddgelert sio mbali na huko mtakakokwenda. Tulifika giza limeshaingia, hakuna mtu wa kutupokea, ufunguo uko kwenye kisanduku kidogo ukutani unabonyeza namba ulizotumiwa kinafunguka. Mlango mfupi, baba alijigonga kichwa siku ya kwanza na ya pili. Kuta za mawe nene mpaka pale dirishani unaweza ukakaa na kikombe chako cha chai miguu umeikunja, juu paa la yale mawe meusi ya kubanduliwa kama karatasi, slate wanaita, ambayo Wales kaskazini waliyachimba mpaka yakaezeka miji ya mbali kabisa, na mwaka 2021 UNESCO ikayaweka yale maeneo ya machimbo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mezani tulikuta mkate umefungwa kwenye kitambaa, bara brith, maana yake mkate wenye madoadoa, wanaloweka zabibu kavu kwenye chai usiku kucha ndo wanaoka. Mimi mtu wa Rungwe niliyekulia kwenye chai sijawahi kufikiria chai inaweza kuliwa na kisu.

Moto sasa. Kuna jiko la chuma lenye mlango wa kioo limeingizwa kwenye sehemu ya zamani ya kupikia, kando yake kikapu cha kuni, magazeti ya zamani na kiberiti. Nikasema hii kazi naijua, nikajaza kuni kubwa nikafunga mlango, dakika mbili nyumba nzima moshi. Kumbe chini kuna kidude cha kuvuta kinachoingiza hewa na nilikuwa nimekifunga. Unakifungua chote, unaanza na vijiti vidogo vikavu, ukiona vimeshika vizuri unaweka gogo moja, sio matatu, halafu hewa unaipunguza kidogokidogo mpaka moto unakuwa wa rangi ya chungwa unatembea polepole. Usiku wa kwanza hata hivyo tuliona baridi, kwa sababu jiwe lililopoa linakunywa moto wote kwanza. Kesho yake jioni ndo nilielewa kwa nini watu wanalipia, ukuta wenyewe ulikuwa umeanza kurudisha joto, unaegemeza mgongo unausikia uvuguvugu kama mtu kakushika. Tukakaa pale chini wawili, hakuna anayepiga hodi, hakuna simu ya kikundi, hakuna mjukuu, mume wangu akaanza kunisimulia habari za utoto wake Kiwira ambazo nilikuwa sijawahi kuzisikia na tulikuwa na miaka 14 ya ndoa.

Kwa hiyo mzee akisema kuni zipo Uyole, muulize kwa upole, lini mara ya mwisho nyie wawili tu mmekaa mbele ya moto hapo Uyole bila mtu wa tatu? Mimi ningekuwa wewe swali lenyewe ni hilo tu, halafu ninyamaze.

Mengine ya haraka. Kutoka Manchester kwa gari ni kama masaa mawili, kwa treni mnakwenda mpaka Llandudno Junction mnabadilisha mnapanda katreni kadogo kanakopandisha bonde la mto Conwy kanasimama hapohapo kijijini. Jina la kijiji tamkeni Betus-a-koid, maana yake nyumba ya sala ya msituni, kwenye Kiwelisi hiyo w ni u yetu. Nyumba hizi mara nyingi mnaingia alasiri na kutoka mapema asubuhi, vyombo mnaosha, takataka zina mapipa yake kila aina na lake. Majani ya chai ya nyumbani beba, nyama na maziwa usibebe haviruhusiwi.

Na muulize binti tarehe, maana 25 Januari ni siku ya Mtakatifu Dwynwen, ndo siku ya wapendanao ya Wawelisi wenyewe, wanamsimulia kama binti aliyeumia kwa mapenzi akaishia kuwaombea wengine wapendanao. Wana desturi nyingine nimeipenda, kijana alikuwa anachonga kijiko cha mti kwa mkono wake, na mioyo na minyororo, anampelekea msichana, cha mwaka 1667 kimehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho ya St Fagans karibu na Cardiff. Mzee kama anajua kushika kisu mwambie mwiko mmoja wa mparachichi unamtosha, auanze sasa hivi.

Nyumba ya bibi, nibomoe nijenge loji?

"Anti shikamoo. Nina miaka 27 nipo Tukuyu. Bibi mzaa baba ametuachia nyumba ya matofali ya kuchoma, chumba kimoja kikubwa, kingine kidogo na sebule, ukisimama barazani unaona mashamba ya chai na mlima Rungwe wote. Nilitaka nibomoe nijenge loji ya vyumba nane, rafiki yangu akanionyesha zile koteji za Wales za mke na mume akasema usiguse, ifanye nyumba ya wawili. Nimelipenda wazo ila baba wadogo wamekuja juu wanasema nataka kugeuza nyumba ya mama yao gesti ya kuibia. Nina milioni sita. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Usibomoe. Na kabla hujanunua hata msumari nenda kakae na baba zako wadogo na mashangazi.

Hasira yao ina sababu, usiichukulie ni ushamba. Huku kwetu mtu akisikia nyumba ndogo ya watu wawili pembeni ya mji anajua moja kwa moja ni gesti ya saa, na jina la marehemu bibi litakuwa linatajwa na madereva wa bodaboda. Waeleze utaratibu utakaofanya isiwe hivyo. Hakuna kulala pungufu ya usiku mbili, hilo peke yake linafukuza wale usiowataka, na hata kule Wales nyumba nyingi hawakupi usiku mmoja. Wageni wanaweka oda na malipo ya mwanzo kabla, kitambulisho kinaandikwa kwenye kitabu cha wageni, mtendaji wa kijiji anajua, leseni ipo, namba ya mlipakodi ipo. Halafu nyumba ni ya ukoo, sio yako hata kama funguo unazo wewe, kwa hiyo mkikubaliana mwandike muhtasari wa kikao, wote wasaini, na mseme wazi nani anapata nini kikiingia. Nimeona ndugu wamesambaratika kwa ajili ya kibanda cha simu sembuse nyumba yenye kuonekana na Rungwe.

Wakikubali, milioni sita inatosha kuanza kama hutazipeleka kwenye vitu vya kung'aa. Sitaki kusikia tailizi za kuteleza, runinga ya ukutani, taa za rangi na maua ya plastiki. Mgeni wako anatoka Mbeya mjini au Dar, hivyo vyote anavyo.

Kwanza paa na dari. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukiwa chini ya bati tupu ikianza saa tisa mchana hamsikilizani mpaka saa moja usiku, mke na mume wamekuja kuongea wanaishia kuangaliana. Weka dari nzuri, mbao kama unapata, na kati ya dari na bati pasibaki wazi tupu, jaza kitu cha kuzuia sauti na baridi. Ukishafanya hivyo mvua ileile inageuka kuwa uzuri wa nyumba, inasikika kwa mbali, unataka kulala.

Pili unyevu. Hapo ndo nyumba nyingi za kwetu zinapofia. Godoro linanuka ukungu, shuka limepoa kama limetoka kuanuliwa, kabati lina koga nyuma. Chimba mtaro kuzunguka nyumba maji yasisimame kwenye msingi, toa vipande vya plasta vilivyovimba upige upya, kitanda kiinuliwe kutoka sakafuni na kisigusane na ukuta, na nyumba ikikaa wiki bila mgeni bado moto uwashwe na madirisha yafunguliwe. Mlipe jirani kwa kazi hiyo. Mgeni akivuta pua mlangoni tu akasikia ule mchanganyiko wa kuni na mbao kavu umeshampata, akisikia koga umempoteza hata ukimpa chakula cha bure.

Tatu moto wenyewe. Sebuleni jenga sehemu ya kuotea moto yenye dohani, na usimpe fundi asiyewahi kujenga, tembelea zile nyumba za zamani za wamisionari pale Rungwe ambako Wamoravian walianza mwaka 1891, ziko zenye dohani, simama nje uangalie zilivyopanda juu. Dohani lazima ipite mgongo wa paa, nusu mita na zaidi, ikiwa fupi upepo wa mlimani unaurudisha moshi ndani. Kuni zenye unyevu zinaacha masizi ya kunata yanaganda ndani ya dohani na siku moja yanashika moto, tumia mwati au mkaratusi, na zikae chini ya paa zimepasuliwa mwaka mzima kabla ya kuchomwa. Kuni mbichi hazina joto, zinachemka tu.

Maji ya moto usitegemee sola peke yake, Tukuyu ina wiki nzima ya ukungu, weka pipa la kuni nje lenye bomba linaloingia bafuni. Choo na bafu viwe ndani, hapo hakuna mjadala. Weka mabuti mawili ya mvua mlangoni, ya mwanamke na mwanaume, na mwavuli mkubwa mmoja. Mmoja, nimesema makusudi.

Chakula usiajiri mpishi mwanzoni. Waache wapike, ndo maana ya nyumba yenyewe, ila jikoni wakute kila kitu, mchele wa Kyela, ndizi, maziwa yaliyokamuliwa asubuhi kwa jirani, parachichi mbili zilizoiva za kuliwa leo na mbili za keshokutwa. Hiyo ya keshokutwa ndo itawafanya wakukumbuke. Pale mlangoni usiandike Welcome, andika Ugonile, salamu ya Kinyakyusa, wakiondoka wasome Ndaga, yaani asante, na jina la nyumba likae la Kinyakyusa au la bibi mwenyewe familia ikiridhia, usije ukaita Wales ndogo ya Tukuyu.

Kuhusu kuvuta watu, kile kijiji cha Beddgelert nilichosema kinajulikana kwa kaburi la mbwa. Wanasimulia mtawala wa zamani Llywelyn alirudi kuwinda akakuta kitanda cha mtoto kimepinduka na mbwa wake Gelert ana damu mdomoni, akamchoma upanga, halafu akasikia mtoto analia chini mzima kabisa na pembeni mbwa mwitu amekufa, kumbe Gelert ndo alimuokoa. Inasemekana aliyeliweka lile kaburi ni mwenye hoteli wa miaka ya mwisho ya 1700 aliyetaka wageni, na wageni wanakwenda mpaka leo wanalia pale. Wewe huna haja ya kutunga kitu. Una Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, jiwe la volkano limevuka mto lenyewe bila mkono wa mtu, una ziwa Ngosi ndani ya mlima lililojaa simulizi za wazee. Chora ramani kwa mkono wako, weka mezani, andika na mahali anapouza maandazi yule mama wa njia panda.

Jambo moja la Wales lakini liogope mapema. Kule nyumba nyingi za vijijini zilinunuliwa na watu wa mbali, wanakuja wiki chache kwa mwaka, zikapanda bei vijana waliozaliwa pale wakakosa pa kuishi, vijiji vingine ukipita msimu wa baridi madirisha mengi giza. Kuanzia Aprili 2023 halmashauri za kule zimeruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili kodi ya nyongeza mpaka asilimia 300, na nyumba ya kupangisha wageni ili ihesabiwe ni biashara lazima iwe imepangishwa kweli siku 182 kwa mwaka. Sheria hiyo ni ya kwao, ila hiyo 182 chukua kama lengo lako, nusu ya mwaka kuna taa inawaka. Na akija mtu wa mbali na mfuko wa hela anataka kuinunua nyumba ya bibi kwa sababu umeshaipendezesha, mkataeni, wewe na baba zako.

Jiko la mkaa chumbani

"Anti, sisi tupo Makete, wote mnajua Juni na Julai huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Mwezi uliopita tuliazima nyumba ya rafiki tupumzike mimi na mke wangu, usiku tukaingiza jiko la mkaa chumbani tukafunga mlango na dirisha. Mkaa ulikuwa umeshakolea hauna moshi kabisa na tuliweka na sufuria la maji pembeni. Usiku mke wangu akaamka kichwa kinamuuma vibaya, anatapika, miguu haina nguvu, mimi pia kizunguzungu. Tulitoka nje tukapata nafuu. Mama anasema kuna mtu ana wivu na ndoa yetu. Unaonaje?"

Mwanangu, hakuna mtu. Ni mkaa. Nashukuru Mungu mkeo aliamka, nimeisoma barua yako mara tatu mikono inatetemeka.

Mkaa unapoungua unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na ule mkaa uliokolea vizuri bila moshi ndo unaokudanganya zaidi kwa sababu macho hayawashi wala hukohoi. Hewa hiyo ikiingia kwenye damu inashika pale oksijeni inapopaswa kushika, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200, kwa hiyo unapumua kawaida kabisa huku ubongo unakosa hewa. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi mzito, na wengi wanaishia kwenye huo usingizi. Sufuria la maji halisaidii chochote. Chumvi haisaidii, kitunguu hakisaidii. Kinachosaidia ni kutoka nje, na mkeo mpeleke hospitali hata kama anasema amepona, hasa kama ana ujauzito, waambie wazi mlilala na jiko la mkaa ili wajue wanatibu nini.

Kuanzia leo jiko la mkaa lisilale na mtu. Mkitaka kupasha chumba kipasheni mapema dirisha likiwa wazi, halafu jiko litolewe nje kabla hamjaingia kulala, nje kabisa, sio koridoni. Baridi ya Makete inapanda kutoka chini, kwa hiyo blanketi moja zito liwe chini ya shuka, juu ya godoro, mtashangaa tofauti yake. Jazeni chupa ngumu maji ya moto mkaivike soksi, moja miguuni moja katikati. Wazee wetu walipasha jiwe pembeni ya moto wakalifunga nguo, na mpaka leo linafanya kazi.

Ile nyumba ya Wales niliyosimulia ilikuwa na kidude cheupe juu ya rafu, kina kataa kadogo ka kijani kanakonyeza, ni kengele ya hiyo hewa, na ile ni nyumba yenye dohani nzuri na jiko la chuma. Kijana wa Tukuyu, na wewe hii ni yako, kengele hiyo uinunue kabla ya mapazia.

Fungate, Kitulo au Matema?

"Anti tunafunga ndoa Februari hapa Mafinga, bajeti ndogo, siku nne. Mimi nataka Kitulo nione maua, mwenzangu anataka Matema. Tuamulie."

Kitulo ni nzuri jamani, ndo ile bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, na Februari maua bado yapo mengi ikiwemo aina nyingi za okidi. Lakini Februari ni mvua, barabara ni tope, ukungu unaweza kukaa siku mbili msione hata ua la mbele ya pua, na nyie mnatoka Mafinga kwenye baridi mnakwenda kwenye baridi kubwa zaidi. Nendeni Matema. Kitulo mtakwenda mwaka wa pili mkiwa mmeshazoeana na kila mtu anajua mwenzake akipata baridi anakuwaje.

Matema ni pale Ziwa Nyasa linapoishia kaskazini, Milima ya Livingstone inashuka mpaka kwenye maji, mchanga upo, joto lipo. Pitieni Mbeya, Tukuyu, Kyela, Ipinda. Tafuteni kibanda kimoja kinachoangalia ziwa, kiwe na chandarua kisichotoboka, huko ni bondeni na nyie wa milimani malaria ikiwapata inawapata vibaya. Kuogelea ulizeni wenyeji wapi, midomo ya mito msiisogelee kwa sababu ya mamba.

Siku moja nendeni Ikombe kwa mtumbwi mkaone akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu, hawatumii gurudumu, ni mkono tu na udongo unazungushwa. Nunueni kimoja cha kuanzia nyumba yenu, bei mpatane na mama mwenyewe aliyekifinyanga, na njia nzima mpaka Mafinga kipakatwe magotini kwa zamu, msikiweke kwenye buti la basi.